Kilio Kilichoandikwa Mahakamani

Miaka ile Waingereza walipoleta mashine za kulima mashamba makubwa ya karanga, nilikuwa mkalimani wa mahakama ya Nachingwea. Kazi hiyo niliipata kwa sababu nilizaliwa Ruangwa kwa wazazi Wamwera, kisha nikasoma mpaka nikakijua Kiswahili vizuri. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza aliyekuwa pia hakimu wetu, alijua Kiswahili cha vitabuni, lakini Kimwera hakukijua kabisa. Mtu akisema kwa Kimwera, mimi nilimpa Bwana Shauri kwa Kiswahili, naye akaandika kwa Kiingereza. Siku ya kwanza alinionya: "Utasema asemacho mtu. Usiongeze, usipunguze. Maana yake nitaitafuta mwenyewe."

Nililishika onyo lile kwa sababu nilitaka mshahara, na kwa sababu nilimwogopa.

Mwaka mmoja mvua zilikosekana, vijiji vya upande wa Nambambo vikaishiwa mtama na muhogo. Watu wakaingia porini kuchimba mizizi. Ming'oko, ambayo haina sumu, ilipokwisha, wakageukia viazi vya porini vyenye sumu. Hivi hukatwa vipande vyembamba, vikalowekwa mtoni siku tatu nzima kabla ya kupikwa. Mama mmoja wa makamo aliviopoa siku ya pili, maana nyumbani kwake hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu juzi. Wote waliokula walitapika, yeye mwenyewe akiwemo. Mke mwenzake, aliyekuwa mjamzito, alifariki kabla jua halijatua.

Wake wenza hao walikuwa wamegombana mwezi uliotangulia, tena kwa kelele, majirani wakasikia. Kwa ndugu wa marehemu hilo lilitosha. Jumbe wa kijiji akapeleka habari bomani, askari wakaenda kumkamata.

Aliletwa akiwa amejifunga kaniki, macho yamevimba. Kiswahili chake kilikuwa salamu tu. Kwa kuwa mtu alikufa, kesi ilikuwa ya jaji wa Lindi. Nachingwea tulitakiwa kuandika maelezo yake tu.

"Mwulize alimfanyia nini marehemu," Bwana Shauri akaniambia.

Nikamwuliza. Alipokisikia Kimwera uso wake ulilegea, kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kisha akaangua kilio, akajipiga kifua, akasema kwa Kimwera kwamba amemuua, yeye ndiye aliyemuua mwenzake, nani atamsamehe.

Kwetu, aliyewahi kukaa matangani anayajua maneno hayo. Bibi yangu aliyasema babu alipokufa kwa homa, kwa kosa la kwenda kuteka maji na kumwacha peke yake. Shangazi yangu aliyasema mwanawe alipoliwa na simba. Mfiwa hujitwisha kifo, na waliokaa naye humwambia, "Siyo wewe, ni Mungu." Wasipomjibu hivyo, wamemtupa.

Mama yule akanitazama. Nilijua anangoja jibu.

"Anasemaje?" Bwana Shauri akauliza, kalamu ikiwa tayari.

Ningeweza kumwambia, Bwana, mtu huyu analia msiba, hakiri kosa. Sentensi hiyo niliipanga yote kichwani. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Anasema, 'Mimi ndiye niliyemuua mwenzangu.'"

Kalamu ikaandika. Bwana Shauri alipomaliza alinisomea kwa Kiswahili, nami nikamrudishia mama kwa Kimwera. Akaitikia kwa kichwa, maana alisikia maneno yake mwenyewe. Karani akamshika kidole gumba, akakitia wino.

Lindi sikwenda. Askari aliyemsindikiza alinisimulia kwamba mama alieleza vizuri habari za njaa na viazi, mkalimani mwingine akimtafsiria, lakini mwendesha mashtaka akasimama na kusoma karatasi iliyotoka kwetu. Jaji alisema hakukusudia. Hata hivyo akamfunga miaka sita.

Alipotoka, mashine zilikuwa zimekwisha ondolewa na mashamba yale makubwa yameota majani. Nilipopata habari nilipanda baiskeli mpaka Nambambo. Nilimkuta uani kwa kaka yake, anamenya muhogo. Mume alikuwa ameoa mwingine. Nikamwamkia kwa Kimwera, akaniitikia kwa Kiswahili safi.

"Nimejifunzia gerezani," akasema. "Kaa."

Nikakaa chini.

"Siku ile uliwaambia nini, mwanangu?"

"Nilisema uliyoyasema, mama. Kwamba wewe ndiye uliyemuua mwenzako."

"Hukuongeza?"

"Sikuongeza."

Akamaliza muhogo aliokuwa nao, akachukua mwingine.

"Maneno ni yangu, sikatai. Lakini wewe ni Mmwera. Ulijua."

"Nilijua, mama."

Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi. Nikaiomba, kwa Kimwera. Hakunifukuza. Aliendelea kumenya mpaka kikapu kikajaa, akainuka, akaingia ndani. Nikachukua baiskeli yangu.

Jumatatu nilikuwa mahakamani. Bwana Shauri sasa alikuwa mwingine, kijana kuliko yule wa kwanza. Nikamwambia kwamba maneno mengine ya watu wetu yanahitaji kuelezwa, siyo kutafsiriwa tu. Akanisikiliza kwa adabu, akasema atafikiri. Tangu hapo, mtu akilia kizimbani, niliomba ruhusa ya kueleza. Mara chache niliruhusiwa. Nilipokataliwa, nilitafsiri.