Salamu ya Koko Jikoni

Moshi wa mzeituni-pori ukiingia ndani ya kibuyu cha maziwa hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine, na nimezunguka. Nimepanga vyumba Singida, Mbeya na Tunduma, na kila mji niliuhama kabla majirani hawajanizoea. Mwezi uliopita nilirudi Arusha, nikaenda Lemara kwa mama yangu, na kabla sijabisha hodi harufu ile ilinifikia mlangoni. Nilisimama kwanza, begi begani. Nilikuwa na miaka saba tena.

Nyumba yetu ilikuwa na Kiswahili kimoja chenye lafudhi mbili. Baba, Mwarusha wa Oldonyosambu, aliyakata maneno kama anayepasua kuni. Mama, Mchaga wa Marangu, aliyavuta na kuyapandisha mwishoni. Walitaniana mezani.

"Baba Naseri, mbona unaongea kama unafukuza ng'ombe?"

"Na wewe je, kama unaita wateja wa ndizi!"

Walipooana walikubaliana kwamba nyumbani ni Kiswahili tu, mtoto asije akachanganyikiwa. Kila mmoja akaacha lugha yake mlangoni, kama viatu.

Kisha akaja Koko. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kimaa, lugha ya kina Baba. Alikuwa mama yake Baba, amekuja mjini kutibiwa macho, na Kiswahili chake hakikuzidi cha kununua chumvi. Kila asubuhi alimsalimu Mama, "Takwenya," akitarajia kuitikiwa "Iko," na Mama akajibu upesi, "Shikamoo, mama," akaendelea na kazi. Baba alikuwa dereva, siku nyingi yuko safarini, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshinda uani na Koko tukifukiza vibuyu. Kimaa kiliniingia bila mtu kukusudia. Hata kusalimia nilijifunza kwake: mtoto humwinamishia mkubwa kichwa, mkubwa akaweka kiganja juu yake. Kiganja cha Koko kilikuwa kikavu na kizito, nami nilikipenda.

Asubuhi moja, kwenye geti la shule, nilikutana na mwalimu wangu. Nikainamisha kichwa nikasubiri. Naye akasubiri shikamoo.

"Mwalimu, anataka anyolewe!" mtoto mmoja akapiga kelele, na geti zima likacheka.

Mama aliitwa. "Huyu mtoto mnamlea kwa lugha gani?" mwalimu akamuuliza.

Jioni ile Baba alikuwepo. Mama hakungoja hata amalize kunawa.

"Baba Naseri, tulikubaliana. Matibabu yakiisha, mama arudi Oldonyosambu."

"Kule atatazamwa na nani?"

"Tutatafuta mtu. Mtoto wangu hatachekwa."

Koko alikuwa kwenye kigoda chake akichambua maharage. Hakuelewa yote, lakini "mama" na "Oldonyosambu" aliyasikia, na mikono yake ikasimama. Mimi sikumaliza chakula. Niliwaza kile kiganja tu.

Kesho yake mchana alinishika mkono tukaenda kwenye kona, kwa mama mmoja wa Marangu aliyeuza ndizi. "Muulize kwao wanasalimianaje," akaniambia. Nikauliza kwa Kiswahili. Mama wa ndizi akamtamkisha Koko salamu ya kwao mara kadhaa kama mtoto wa darasa la kwanza, wote wawili wakicheka, na wateja wakimsahihisha. Mimi salamu ile sikuijua. Mama hakuwahi kunisalimia nayo.

Asubuhi iliyofuata Mama alikuwa anakoroga uji. Koko akasimama mlangoni pa jiko.

"Shimbonyi," akasema, kwa lafudhi ya kupasua kuni.

Mama akageuka. Mwiko ukabaki hewani ukidondosha uji sakafuni. Akaitikia, kisha hakunyamaza. Akamimina Kichaga kirefu, cha haraka, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake, mara anacheka, mara anajifuta macho kwa khanga. Koko hakuelewa hata neno. Alivuta kigoda, akaketi, akawa anaitikia, "Ee. Ee." Uji ukaungua.

Hakuna aliyeniambia kwamba Koko anabaki. Niliona tu Mama akipigilia msumari ukutani, juu ya sufuria zetu, na kutundika kibuyu cha mkwewe. Mimi aliniambia, "Shuleni, shikamoo. Hapa, kichwa."

Kwa miaka mingi niliamini Koko alikuwa anaomba asifukuzwe, na huenda aliomba kweli. Lakini siku moja sokoni Tunduma nilisikia mwanamke anaongea Kimaa kwenye simu, nikajikuta namfuata kutoka meza hadi meza, sina ninachonunua. Ndipo nilipoelewa kwamba katika nyumba ile aliyekuwa mbali na kwao kuliko wote ni Mama. Alihitaji mtu wa kuongea naye. Koko hakuwa na mtu huyo wa kumletea, akakaa yeye.

Koko amefariki siku nyingi. Mwezi uliopita aliyekuwa anafukiza kibuyu ni Mama. Nilimwinamishia kichwa, ingawa kimeshaota mvi, naye akakiwekea kiganja chenye masizi.

"Takwenya," akasema, akiivuta na kuipandisha mwishoni, Kimarangu kabisa.

"Iko," nikaitikia, nikatua begi.