Baragumu la Mama Mkwe

Usiku ule nililala nimenuna, na anayelala amenuna hajui ndoto itampeleka wapi. Sikula. Neema, binti yangu, aliniwekea makande kwenye bakuli akalifunika, nikamwambia ale yeye, mimi nimeshiba maneno ya afisa.

Afisa huyo alikuja mchana kutoka halmashauri. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji na viatu vyake visivyojua vumbi, akatusemesha kuhusu ndiva yetu. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, liko juu mlimani. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi tunafungua yanashuka mferejini kwenda mashambani kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Waliijenga babu na bibi zetu kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo halipwi mtu. Sasa imejaa tope mpaka juu. Maji yakifika yanateleza juu ya tope yanakwenda zake korongoni, na huku chini tangawizi inajikunja majani.

Afisa alisema saruji ipo na fundi yupo. "Lakini sera iko wazi, ndugu zangu. Mwananchi aanze, serikali imalizie. Ninyi hapa hata jiwe moja hamjasogeza. Hamjahamasika." Kwa hiyo angerudi kesho yake saa nne, tunyooshe mikono kukubali kwamba saruji iende kijiji kingine kilicho tayari.

Hamjahamasika! Nikasimama. Mimi ndiye kiongozi wa kamati ya maji, na nilimkumbuka vizuri aliyetuzuia. Alikuwa afisa mwenzake, aliyekuja kabla yake, akachomeka bango la mradi ukingoni mwa ndiva, akatuonya tusiguse kitu mpaka wataalamu waje kupima. Tukatii. Tunasemwa kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku, lakini mbele ya bango lile hata kuku hatukudai. Msaragambo ukakoma. Masika ikaleta tope lake, vuli ikaleta lake, na sisi tunalitazama bango kama abiria wanaosubiri basi lililokwisha pita.

Nilitaka kuyasema yote hayo. Mwenyekiti wa kijiji akanivuta kanga. "Kaa, Mama Neema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Usituharibie." Watu wakacheka. Nikakaa, na mgeni akapanda gari lake akaondoka.

Basi nililala na hasira yangu kifuani, na sijui usingizi ulinipitia saa ngapi.

Kwanza nilisikia kuni zinavunjwa jikoni. Nikajua ni yeye, maana hapa kwetu hakuna mwingine aliyevunja kuni kwa goti. Mama mkwe wangu, Bibi Nakijwa. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na mimi ndiye niliyemwosha miguu. Sasa ameketi kwenye kigoda chake, na miguu ile ile imejaa tope mpaka magotini, tope bichi, linadondoka sakafuni.

Sikuogopa. Niliona haya tu, kwa sababu sikuwa na chai.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza.

"Yuko Dar, Mama. Analinda geti la mtu."

Akavunja ukuni mwingine, akausukuma motoni. "Mwanangu analinda geti la mtu," akasema, "na ndiva yangu haina mlinzi."

Nilitaka kumweleza kwamba Baba Neema hakuondoka kwa kupenda. Aliondoka ule msimu tangawizi iliponyauka mbele ya macho yetu, akaniambia maji yakirudi naye atarudi, na mpaka leo kila akipiga simu swali lake la kwanza ni hilo la maji, la pili ndilo la watoto. Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini ukuta wa jiko ulikuwa umeshaondoka, tumesimama juu mlimani, mchana kweupe.

Ndiva iko mbele yetu. Kijiji kizima kimekaa ukingoni kwenye viti vya plastiki, vile tunavyokodi kwa harusi, vimepangwa safu kwa safu kulielekea bango. Watu wamevaa nguo za kanisani. Mwenyekiti amekaa mbele na chupa ya maji ya dukani mapajani, maji ya mgeni, hataki hata kuifungua. Jirani yangu mmoja amekinga ndoo chini ya bango na anasubiri lidondoshe.

"Mnamsubiri nani?" Mama anawauliza.

"Mtaalamu," wanajibu wote kwa pamoja, kwa adabu, kama darasa la kwanza.

Anacheka. Mama alikuwa na kicheko kibaya, cha kukohoakohoa, kilichoweza kumfanya mtu mzima arudi nyumbani kubadili shati. Anacheka, na wala hawageuki.

Ndipo naona kwamba ndani ya ndiva wamo watu wanaochimba. Nawafahamu. Yumo baba mkwe wangu. Yumo mzee aliyekuwa akipanga mawe ya ukuta, mgongo wake ule ule uliopinda. Yumo dada wa nyumba ya juu, aliyefariki akijifungua, amejifunga kanga yake kwa nguvu kiunoni. Marehemu wetu wote wako kwenye msaragambo. Wanapokezana makarai ya tope mkono kwa mkono bila haraka, na kila karai likifika ukingoni ni tupu. Tope halipungui.

"Hatuwezi," Mama ananiambia taratibu. "Mikono yetu haina uzito tena."

Hapo nalia. Huruma imo, lakini zaidi ni hasira, kwamba waliokwisha pumzika wamerudi kazini, na sisi wenye mikono mizito tumeikunja juu ya nguo za kanisani. Nataka kumpiga mtu. Namgeukia Mwenyekiti nimpokonye ile chupa, kumbe mkono wangu umeshika kitasa cha mlango.

Tuko halmashauri. Ni ukumbi mrefu, sakafu ya vigae, na Mama anatangulia akiacha nyayo za tope mbili mbili. Hakuna anayemzuia. Mwisho wa ukumbi amekaa afisa wetu peke yake, amezungukwa na mifuko ya saruji iliyopangwa mpaka darini. Nagusa mmoja. Umeganda, umekuwa jiwe. Nagusa mwingine, nao vivyo hivyo. Uso wa afisa umechoka, na kwa mara ya kwanza naona kwamba ni kijana tu, angeweza kuwa mtoto wa dada yangu.

"Tunawasubiri ninyi," anasema.

Mama anamtazama, kisha ananitazama mimi.

"Mwenye saruji anamsubiri mwenye jembe," anasema. "Mwenye jembe anamsubiri mwenye saruji. Anayeshiba ni tope."

Afisa anainamisha kichwa kwenye mifuko yake, na tunarudi jikoni bila kutembea. Moto umeshika vizuri. Mama ananyoosha kidole juu ya mafiga, pale ninapotundika baragumu lake.

Niseme kidogo juu ya baragumu hilo. Ni pembe ya mnyama, na zamani lilipulizwa na wanaume tu kuwaita watu kwenye msaragambo. Mpulizaji wa mwisho alipougua kifua, wanaume walikaa kubishana nani arithi. Walibishana siku nyingi, na ndiva inavuja. Asubuhi moja Mama akalichukua mezani mbele yao, akapanda kwenye jabali, akalipuliza. Watu walikuja kwanza kushangaa, wakabaki kuchimba. Tangu hapo likawa lake. Na alikuwa na sheria moja aliyoitangaza kila mara: asiye na nguvu za jembe abebe mawe, asiyeweza mawe apike makande, asiyeweza kupika aje kutuimbia, lakini maji yatamfikia kila mtu. Ndiyo maana hata wajane na wagonjwa walikuwa na zamu yao. Alipofariki nikalitundika jikoni kwa heshima, nikaliacha lipate masizi.

"Lete," anasema.

Nampa. Analiweka mdomoni, mashavu yanavimba, mishipa ya shingo inasimama. Halitoi hata sauti ya nzi. Analigeuza, analichungulia kwa jicho moja.

"Limeziba. Na hili nalo mmeambiwa msiguse mpaka mtaalamu aje?"

"Mama, sikupewa ruhusa ya kuwaita watu."

"Mimi alinipa nani?"

Ananirudishia baragumu, na vidole vyake vikigusa vyangu ni baridi, vyepesi kama maganda ya kitunguu. Anainuka. Anaongea akiwa amenipa mgongo, kama alivyozoea kila alipokuwa na jambo zito.

"Wamesema mwananchi aanze. Wewe anza. Kisha uwadai neno lao, usiwaachie likae bure."

Namwita. Nataka kumwuliza kama amemsahau mwanawe, kama atapita Dar amwone pale getini usiku. Anakwenda zake kwenye migomba, kigoda ameniachia.

Niliamka jogoo wa pili anawika. Nilikwenda jikoni moja kwa moja, nikapapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Hapakuwa na tope wala kuni zilizovunjwa, na nakiri nilisikitika. Nikaliangua baragumu, nikalichungulia kwa jicho moja kama alivyofanya yeye.

Lilikuwa limeziba. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo mgumu umejaa kooni mwake. Nikatafuta spoku ya baiskeli ya Baba Neema, nikakaa kwenye kigoda nikaanza kuchokoa. Udongo ulitoka vipande vipande mapajani mwangu.

Neema akaja anapikicha macho. "Mama, unafanya nini?"

"Nazibua. Nakwenda kuwaita watu kwenye ndiva."

"Leo? Mgeni anakuja! Mama, watakucheka."

"Jana nilichekwa nimekaa," nikamwambia. "Leo wanicheke nimesimama. Injika makande, sufuria kubwa."

Nilipanda kwenye jabali. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni na nyumba zilionekana mabati tu. Pumzi ya kwanza ilitoa sauti ya ndama aliyekosa mama, nikacheka mwenyewe. Ya pili ikatoka. Ilitoka nzito, ndefu, ikavuka korongo, ikagonga mlima wa pili ikarudi, na mimi nikaisikiliza mpaka ikaisha, kwa sababu nilikuwa sijaisikia tangu tulipomzika.

Mlango wa Mwenyekiti ndio uliofunguka kwanza, maana nyumba yake iko chini kidogo ya jabali. Alitoka amejifunga kanga ya mkewe.

"Mama Neema! Nani kakuruhusu?"

"Mama kanituma."

"Mama yupi?"

"Mwenye baragumu."

Akalitazama baragumu mkononi mwangu. Alikuwa mmoja wa wale vijana waliokuja kushangaa siku ile, wakabaki kuchimba.

"Na mgeni je?" akasema, sauti imeshuka. "Saa nne anakuja kuhesabu mikono."

"Mlete kwenye ndiva. Atahesabu ile iliyoshika majembe. Umwambie yeye na waliomtuma kwamba tumeanza. Sasa wamalize, na tutawafuata mpaka ofisini kwao wamalize."

Alirudi ndani akafunga mlango, nikadhani anakwenda kuvaa suti ya kumpokelea mgeni. Huko ng'ambo niliona mlango mwingine unafunguka, kisha wa tatu, na mtu mmoja akapaza sauti kuuliza kuna msiba gani.

Mwenyekiti alipotoka tena alikuwa na jembe begani, na ile kanga ya mkewe bado iko kiunoni. Alipita chini yangu bila kunitazama, akashika njia ya kupanda kwenye ndiva.

Nikapuliza tena.