Nilichanjiana na mwenzangu wa timu ya kikapu, akafa, nikaendelea kumpa pasi

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni mzee wa miaka zaidi ya themanini, mjukuu ndiye kanifungulia hii akaunti. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini asome tu apite, sitamchukia.

Ni enzi za Mwingereza, niko darasa la saba, shule ya misheni upande wa Muleba.

Bruda mmoja Mkanada alituletea mpira wa kikapu. Mpira wenyewe mmoja, wa ngozi. Ringi alitengeneza mhunzi wa kijijini kwa pete za pipa. Uwanja tuliuchimba wenyewe ubavuni mwa kilima, kwa hiyo ulikuwa na mteremko. Mpira ukitoka upande wa kushoto unaufuata bondeni.

Mimi nilikuwa mtoa pasi. Kona ya kushoto alikaa Kamugisha, rafiki yangu. Alikuwa akiwa huru anapiga makofi mawili, basi, natupa bila kutazama.

Sasa tukafanya ujinga wa utoto.

Kwetu Wahaya kuna omukago, udugu wa kuchanjiana. Tunda la buni lina punje mbili. Kila mmoja anajichanja karibu na kitovu, anapaka damu kwenye punje, anamlisha mwenzake. Baada ya hapo humnyimi kitu akikuomba. Ukimnyima, tumbo linavimba unakufa. Ndivyo tulivyoambiwa.

Tulifanya nyuma ya jiko la shule, kwa wembe, tukaapa kutonyimana mpira. Baba yangu alikuwa Mkatoliki mkali, angejua angenitoa ngozi.

Miezi miwili baadaye Kamugisha akashikwa na homa. Siku ya tatu akafa. Tulimzika kwenye kibanja chao, shamba la migomba la nyumbani kwao, njia ya kwenda Ngenge, mwendo wa saa mbili kutoka shuleni.

Tuliporudi mazoezini kona ya kushoto ilikuwa tupu. Nikasikia makofi mawili.

Nikatupa.

Mpira ulidunda, ukasimama palepale kwenye mstari. Kwenye mteremko ule, wakuu. Nahodha wetu Bagenda aliuendea, akaugusa kwa mguu kwanza kabla ya kuuokota.

Ikawa kila siku hivyo. Wenzangu walidhani ni majonzi. Bruda alinivumilia, kisha akasema nikiendelea hivyo sitapanda lori la kwenda kucheza na timu ya mjini Bukoba. Sikuweza kumweleza. Ningesema nini, kwamba naogopa tumbo?

Alhamisi moja alinitoa mazoezini, nikapelekwa kupalilia kahawa ya misheni.

Jumapili yake nikaenda kumsalimia mama yake Kamugisha. Nilimkuta ukumbini anatafuna buni. Akanipa chache kiganjani, kama ada ya mgeni. Nikazitia kinywani.

Akaniuliza, bila kunitazama, kama ni mimi niliyechanjiana na mwanawe. Alipomwosha aliliona kovu kitovuni. Nikakiri.

"Basi wewe ni mwanangu," akasema. "Sasa niambie, kwa nini mnachezea uani kwangu?"

Nikamwambia Mama, sisi tunacheza shuleni.

"Kila alasiri mpira unadunda hapa nyuma, kwenye migomba. Nikitoka hamna mtu. Alhamisi tu ndiyo haukudunda."

Nikazitema zile buni kiganjani.

Akanishika mkono. "Ukimpa mpira, atabaki kucheza. Mnyime, mwana wangu. Aende."

Wajuzi mtasema ni moyo wa mama aliyefiwa. Sawa. Hiyo Alhamisi mtaieleza wenyewe.

Nilimwomba Bruda nafasi ya mwisho, akanipa. Tukapanda lori juu ya magunia ya kahawa hadi Bukoba, tukacheza Miembeni, mchana kweupe. Watoto wa mjini walijaa pembeni, wengine na kofia zao za kiua, zile za darizi. Kipindi cha kwanza makofi yalilia, mkono wangu ukatupa wenyewe. Kicheko.

"Nyie wa migombani, mnampasia nani pale, mgomba?"

Bagenda akaja karibu, akasema taratibu, "Mutashobya, sisi tuliobaki ni wanne. Tupe na sisi."

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira ninao mimi. Makofi mawili. Nikaushikilia. Makofi tena, safari hii karibu na sikio langu. Ngozi ya tumbo ikanikaza kama ngoma.

Nikageuka kulia, nikampa Bagenda. Akafunga.

Wenzangu walinibeba juu juu. Mimi nilikuwa nimeshika kitovu, nasubiri kufa. Nilisubiri wiki nzima, nalala chali. Tumbo halikuvimba.

Jumapili nikaenda kwa mama nikiwa mwepesi, nikitaka kumpa habari.

Hakutandika mkeka. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, uso kwenye migomba.

"Pamenyamaza tangu siku ile," akasema. "Sikujua kimya kitakuwa hivi. Mwanangu, mpe tena. Mara moja tu, nimsikie."

Niliinuka, nikashika njia. Alikuwa mama yangu kwa damu ya punje ile, na nilimnyima.

Jumatatu Bruda alipopuliza filimbi ya mazoezi, mimi nilikuwa barabarani nasubiri lori. Sikurudi shule tena. Nimezunguka Kampala, Mwanza, Kisumu, kazi za kila aina, na popote penye uwanja wa kikapu nasimama kutazama.

Nilichojifunza: timu ilinifundisha kutazama walio hai kabla ya kutupa mpira. Hilo nimelitumia maisha yote. Lakini yule mama naye alikuwa hai.

Wahaya wenzangu na wengine mnaojua mambo haya, ningempa ile moja? Semeni tu, nitasoma zote.