Mkono Uliogoma Kushuka

Siwezi kumsingizia mama yangu aliye kaburini. Ninachokusimulia kilitokea, tena mchana kweupe, dukani kwangu Kimandolu ninakofanya kazi za kuchapa na kutengeneza kompyuta. Ukitaka kucheka, cheka. Mdogo wangu Naserian alikuwepo, muulize.

Wakati Yeyo anaumwa (ndivyo tunavyomwita mama kwetu Oldonyo Sambu), Naserian alikuwa Muscat akifanya kazi za ndani, na bosi wake hakumruhusu kuja. Yeyo alipoona hali inazidi, akaniambia nichukue simu nimrekodi akimbariki binti yake. Kwetu mtoto huinamisha kichwa, mzazi akamgusa utosini. Basi akanyoosha mkono mbele ya simu, akaomba mpaka akachoka. Kabla sijazima nikamuuliza, na mimi je?

"Wewe wako kesho," akasema. "Si uko hapahapa?"

Usiku ule akafariki.

Naserian alifika mazishi yamepita. Hakulia hata kidogo. Alichotaka ni video tu. "Kaka, nisipoipata hiyo baraka nitaishi kama mtu aliyefukuzwa kwao," aliniambia. Kwa bahati mbaya simu ilikuwa imeanguka na kioo kimekufa, ikabidi niiunganishe na kompyuta kwa waya.

Video ilianza vizuri. Yeyo alipoinua mkono tu, picha ikaganda. Sauti ikaendelea kidogo, nayo ikakatika. Mafundi tuna ugonjwa wa kusingizia waya, kwa hiyo nikasingizia waya. Nikaihamishia video ndani ya kompyuta, ikagandia palepale. Nikabadilisha programu ya kuchezea, nikazima mashine na kuiwasha, nikaigeuza video iwe nyepesi. Palepale! Video za mbuzi wetu na za kwaya, zilizorekodiwa kwa simu hiyohiyo, zilicheza bila tatizo. Niambie, hiyo ni hitilafu gani?

Muda wote huo Naserian alikuwa ameketi wima, hapepesi jicho, anamtazama mama yake. Ndipo spika zikakoroma, na Yeyo akasema, "Inama basi, mwanangu. Mkono umechoka."

Niamini, maneno hayo hayakuwemo. Nilirekodi mwenyewe, na siku ile chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Yeyo.   Naserian akapiga magoti sakafuni, akainamisha kichwa mpaka kwenye ukingo wa meza. Mkono wa Yeyo ukaanza kushuka taratibu, bila kukwama. Nikaziona nywele za mdogo wangu zikilala katikati ya utosi, kama zimekandamizwa na kiganja. Sala ikaisha kwa "Engai akulinde", na Engai kwetu ni Mungu. Hapo ndipo Naserian alipolia, kilio alichokuwa amekibeba toka Muscat.

Siku hizi anauza maziwa Olasiti, na ana amani yake. Niliyebaki ni mimi. Ile video haikwami tena, inacheza kwenye mashine yoyote, ila ule mkono ulioinuliwa haumo. Yeyo amekaa tu, mikono yote miwili mapajani, kama mtu aliyemaliza kazi. Nimeshainama mbele yake mara nyingi, naona haya kukuambia ngapi. Nafunga mlango wa duka, napiga magoti, nangoja. Inauma, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemlisha. Mikono haisogei. Mwishoni kabisa nasikia tu sauti yake ikinijibu kama siku ile: "Wewe wako kesho. Si uko hapahapa?"

Kwa hiyo wewe unayeishi na mzazi wako, unayempelekea uji na kumshika mkono akitoka nje kuota jua, usijione una muda kuliko ndugu zako walio mbali. Ukirudi nyumbani leo, inama. Akikuambia kesho, kataa.