Mwinshehe Anahesabu Milio

Mwinshehe alikuwa amefika mlio wa tatu pale Paskalia alipochomoza kwenye kona ya njia, tenga la karoti kichwani.

"Shikamoo, kaka Mwinshehe."

"Marahaba," akajibu Mwinshehe, akainamisha kichwa kidogo kama alivyolelewa, na kidole gumba chake kilichokuwa kwenye rimoti kikashuka pamoja na kichwa.

"Za mjini?"

"Nzuri."

"Na yule mtoto aliyekuwa akisumbuliwa na degedege?"

"Hajambo kabisa. Sasa yuko kidato cha pili."

"Mungu mkubwa," akasema Paskalia, akateremka zake sokoni. Juu ya meza kibao kidogo alichokuwa akikipanga kilitoa mlio mmoja wa kuridhika, kisha kikanyamaza. Kilikuwa kimeshaamua jambo. Jambo gani, kilijua chenyewe.

Kwa miaka ishirini na sita Mwinshehe alikuwa fundi redio pale Mwembesongo, mjini Morogoro. Redio zilipoanza kufa akahamia kwenye simu. Simu nazo zikaja zimegandishwa kwa gundi, hazifunguki, kana kwamba waliozitengeneza hawataki mtu azione utumbo. Hapo ndipo, akiwa na miaka hamsini na tatu na miwani ya kununua mnadani, alipopenda droni. Hakununua iliyokamilika. Aliiunda mwenyewe kwa mabomba ya antena za zamani, mikono minne, mota nne, na kamera ndogo inayorusha picha hadi kwenye simu. Kibali chake cha kurusha alikitembeza ndani ya mfuko wa plastiki, kimekunjwa mara nne, na alimwonyesha hata asiyeuliza.

Chini ya kila mota kulikuwa na kibao cha ukubwa wa kiberiti, kidhibiti mwendo, ambacho hupokea amri kutoka kwenye rimoti na kuamua mota izunguke kwa nguvu gani. Vidhibiti hivyo havina kioo wala maandishi. Lugha yao ni milio. Ukisukuma mkono wa rimoti, kile kijiti cha kidole gumba, hadi juu kabisa kisha ukaunganisha betri, huanza kukuimbia: mlio mmoja, hiyo ni breki; milio miwili, aina ya betri; mitatu, betri ikichoka mota ifanyeje; na kuendelea hivyo hadi ule mlio mrefu unaohusu namna mota inavyoamka. Ukisikia unachokitaka, unashusha mkono wa rimoti papo hapo. Kikishakuuliza unataka kipi, unaupandisha. Ni kazi ya dakika moja kwa kila kidhibiti, kwa mtu aliye peke yake duniani.

Mwinshehe hakuwa peke yake duniani. Alikuwa Mbete, juu milimani, kwenye uwanja wa mama yake, siku moja kabla ya harusi ya Mwanvita, mtoto wa dada yake. Na njia ya kijiji ilipita hatua tatu kutoka kwenye meza yake.

Mama yake, Bi Furaha, alikuwa na magoti ambayo miaka minne iliyopita yaligoma kushuka mlima. Toka hapo dunia yake iliishia kwenye kona ya kwanza ya njia, kwenye ile migomba. Kila aliyeshuka mjini, kila jeneza na kila bi harusi, aliwaona hadi kwenye migomba, kisha migomba ikawameza. "Huyu Mwanvita nimemlea mimi," alikuwa amemwambia Mwinshehe kwenye simu. "Nataka nimwone mpaka anapanda gari. Wewe si fundi?"

Mwinshehe akasema atamwona. Akasema kwa sauti ya mjomba, sauti ambayo Uluguruni mtu akishaitoa hairudishi.

Tatizo lilikuwa ule mlio wa tatu. Vidhibiti vilitoka dukani vikiwa vimepangwa kukata mota ghafla betri ikichoka. Kwa ndege ya mabawa si neno, itaelea ishuke. Kwa droni maana yake ni kilo moja na nusu ya bomba na chuma kudondoka kama jiwe, na chini yake atakuwa anatembea bi harusi. Ilibidi vyote vinne vipangwe upya, vipunguze nguvu polepole.

Baada ya Paskalia, alikuja Mzee Pazi, aliyekuwa mwalimu wa kila mtu pale kijijini aliyejua kusoma. Mwinshehe alikuwa kwenye kidhibiti cha tatu. Alimwona mzee kwa pembe ya jicho na kwa muda mfupi, ambao baadaye aliuonea aibu, alifikiria kujifanya hajamwona.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, akainama. Kidole kikashuka.

"Marahaba, Mwinshehe. Umeamka?"

"Nimeamka, mwalimu," akasema, akainuka. Kidole kikapanda.

"Hicho kinacholia ni nini?"

"Ni kidhibiti, mwalimu."

"Kinalia vibaya," akasema Mzee Pazi, akaendelea na safari.

Mwinshehe alijaribu kila njia. Alihamia nyuma ya jiko, wakamfuata nyuma ya jiko kumsalimia, wakimwuliza kama ana hasira na mtu. Alipanda kwenye jiwe kubwa juu ya shamba, lakini pale alionekana na kijiji kizima, na salamu zikamjia kwa kupigiwa kelele kutoka bondeni, nazo hizo huchukua muda mrefu zaidi kwa sababu kila swali hurudiwa. Mwishowe akakumbuka kwamba mtu aliye kwenye chakula hasalimiwi. Akaomba sahani ya wali, akaiweka mbele yake, akashika kijiko kwa mkono wa kushoto na rimoti kwa mkono wa kulia.

Akapita Alois, jirani, akamwona anakula, kwa adabu akanyamaza. Mwinshehe akahesabu: moja, mbili. Na hapo, bila kufikiri, akasema neno ambalo hulitamka kila mtu mwenye sahani mbele yake.

"Karibu."

"Asante, nimekaribia," akasema Alois, akanawa mikono, akaketi. Alikula taratibu, akisimulia habari za nguruwe waliovamia mihogo.

Alasiri droni ilijaribiwa. Mota ya kwanza, ya pili na ya nne ziliamka kama askari. Ile ya tatu, iliyopangwa kwa shikamoo ya Mzee Pazi, iliamka kwa upole mno, kama mgonjwa anayeambiwa uji uko tayari. Droni ikalala ubavu, ikakimbia uwanjani upande upande, ikapanda kwenye ungo wa mchele wa pilau ambao Zuhura, dada yake, na wanawake wenzake walikuwa wanauchambua. Mchele ukanyesha hadi kwenye paa.

Zuhura alitoa punje moja kwenye nyusi. "Kaka," akasema, "mimi nina mtoto mmoja wa kike."

"Najua."

"Nakukumbusha tu. Kesho hicho kitu kisimkaribie. Mama tutamsimulia."

"Mama kasimuliwa miaka minne," akasema Mwinshehe.

Zuhura alimtazama, kisha akautazama mlango ambako mama yao alikuwa ameketi, mikono magotini, uso kuelekea kwenye migomba. "Basi kirekebishe," akasema. "Na mchele uokote."

Siku ya harusi ukungu ulitelemka kutoka msituni kama kawaida yake, ukakaa shambani kama mgeni asiye na haraka, ukaondoka saa tatu. Wageni walianza kupanda. Kila mmoja alikuwa na salamu, na kila salamu ilikuwa na familia nzima ndani yake. Mwinshehe alisimama na meza yake kichwani, hajui aende wapi.

"Leta hapa," akasema Bi Furaha. "Nyuma ya kiti changu."

"Mama, hapo ndipo wanapopita wote."

"Wanapita kwangu kwanza. Kaa."

Akakaa. Akaja Paskalia, safari hii na kitenge kipya. Akafungua mdomo kuelekea kwa Mwinshehe, akamwona Bi Furaha, akageuza uso. Nani amsalimie mtoto kabla ya mama?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea. Ah, Paskalia. Mgongo wa mama yako?"

"Nafuu, bibi."

"Nafuu ya namna gani? Anainama au hainami?"

Nyuma ya kiti, moja, mbili, tatu. Mwinshehe akashusha mkono wa rimoti, akasubiri, akaupandisha. Kidhibiti cha kwanza. Alipomaliza, Paskalia alikuwa bado kwenye mgongo wa mama yake.

Mzee Pazi alikuja na fimbo. Huyu, Bi Furaha alimzidi kwa miaka mitatu na hakuwahi kumsamehe deni la kuku wa mwaka wa njaa. Salamu ilipita kwenye kuku huyo, ikazunguka, ikarudi. Kidhibiti cha pili, na cha tatu pia, kikarudishiwa kuamka kwa kawaida. Wageni walipanga foleni njiani hadi kwenye migomba. Alois alipofika, Bi Furaha alimwuliza habari za nguruwe mmoja mmoja. Cha nne.

"Tayari, mama."

"Nilidhani bado," akasema Bi Furaha. "Nilikuwa sijamwuliza habari za mkewe."

Saa sita bi harusi akatoka, amefunikwa, mwavuli wa kijani juu yake, vigelegele mbele na nyuma. Droni ilipanda wima, ikasimama hewani, ikatulia. Zuhura alisimama chini yake na kuitazama muda mrefu kabla ya kumruhusu binti yake apige hatua. Mwinshehe akamwekea mama yake simu mapajani.

Maandamano yakafika kwenye migomba. Migomba ikayameza. Na kwenye simu yakatokea upande wa pili.

Bi Furaha aliinamia kioo hadi pua ikakaribia kukigusa. Mwavuli wa kijani ulishuka kona ya pili, ukavuka kijito, ukapotea chini ya miembe, ukatoka. "Daraja wamejenga," akasema taratibu. Kisha, "Anachechemea. Viatu vinambana." Mwavuli ukafika kwenye gari, ukafungwa, mlango ukafunguka na kufungwa, na gari likaanza kuwa dogo. Bi Furaha akalifuata kwa kidole kwenye kioo mpaka likaisha.

Rimoti ikaanza kupiga kelele: betri imechoka. Kule chini mota zote nne zikapunguza nguvu polepole, na droni ikajiteremsha, bila haraka, kwenye maharage ya jirani yao Severini.

Mwinshehe aliteremka kuifuata. Njiani alisimama mara kumi na moja, akaitikia kila salamu, akamwomba Severini radhi kwa mashina manne ya maharage. Aliikuta imelala kati ya majani, kijitaa chake bado kinawaka. Akapiga magoti, akavua miwani, akasogeza uso karibu kabisa na kamera kuona kama kioo chake kimekwaruzika. Akakipuliza vumbi. Akakifuta kwa ncha ya shati.

Aliporudi juu, jasho linamtiririka, mama yake alikuwa bado ameishika simu kwa mikono miwili.

"Umemwona?" akauliza Mwinshehe.

"Nimemwona mpaka mwisho."

"Nashukuru," akasema Mwinshehe.

"Na wewe nimekuona humu," akasema Bi Furaha. Akamvuta kwa shati, akamgeuza kwenye mwanga, akamchunguza kwa muda. "Mwinshehe, una mvi puani. Lini umezeeka, na mbona hukuniambia?"