Misuli na Pampu ya Dada Yake

Kaka wa marehemu mke wangu ni fundi wa mashine ndogo. Mtaani wanamwita Misuli, naye anadhani wanamsifu. Kwake, kila ugonjwa wa chuma dawa yake ni kukaza. Alikaza bawaba za mlango wetu wa choo, tangu siku hiyo haufungiki, tunaingia tukikohoa. Tulipomzika dada yake, skrubu za jeneza alizifunga yeye, mpaka mbao ikalia. Siku ile sikumsema.

Mke wangu aliacha bustani ya nyanya na pampu ya petroli ya kuimwagilia. Pampu ikaanza kukata pumzi, nyanya zikaanza kuinama. Zikifa hizo, sina kingine alichopanda kwa mkono wake. Nikamwita Misuli.

Alikuja na spana ndefu kuliko kazi yenyewe. Akafungua kabureta, akakuta gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzuia hewa, imechanika. Akaipaka gundi akairudisha vilevile, juu ya uchafu wake. Akakaza nati ya kushoto mpaka shingo ikamvimba, ndipo akakumbuka kuwa na ya kulia ipo. Pampu ikawaka, ikavuta hewa pembeni, ikazima. Akalaumu petroli. Akakaza tena. Sikio la kabureta, pale nati inaposhika, likakatika. Akalaumu kiwanda.

Akaenda kwenye lundo lake la vyuma, akarudi na kabureta nyingine kuukuu, na gundi mkononi.

Zamani dada yake alikuwa akipindua ndoo, anakaa, anamsimamia. Mashine hakuzijua. Ndugu yake alimjua. Kazi nzuri huyu bwana anaiweza, ila haitoki bila mtu wa kumkodolea macho.

Nikapindua ndoo, nikakaa.

"Na wewe umeanza, shemeji?"

"Kwangua kwanza."

"Gundi inatosha. Nyinyi watu hamniamini tu."

"Kwangua."

Akakwangua, amenuna, mpaka chuma kikang'aa. Akaweka gasketi mpya, kavu, bila gundi. Akachukua spana fupi, akakaza kushoto kidogo, kulia kidogo, akinitupia jicho kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Pampu ikawaka, ikatulia. Maji yakafika hadi tuta la mwisho.

Misuli akafuta mikono, akasema mashine ilikuwa inamlilia marehemu mwenye nayo tu.

Nikamwambia anyamaze, ashike mpira wa maji.