Ukuta wa Nyuma wa Masjala

Ofisi nzima ya majengo ya serikali ilimwita Mama Rula, ingawa rula yenyewe aliifungia kabatini siku walipoletewa kompyuta. Miaka ishirini na miwili alikuwa akichora ramani, na hasira zake zilijulikana hadi kwa mlinzi wa getini. Safari hii alikuwa na haki nazo.

Katika ofisi ile kila ramani huchorwa mlango mkuu ukiwa upande wa chini wa karatasi. Wakubwa hupenda kuuona mlango mbele yao, utadhani wanataka kuingia. Enzi za penseli haikumdhuru mtu. Lakini programu mpya, ile iliyonunuliwa ili majengo yasile umeme ovyo, huchukulia kuwa upande wa juu wa karatasi ni kaskazini, na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Ikapiga hesabu zake, ikasema ukuta wa nyuma wa jengo jipya la masjala haupati jua kali, uwe kioo kitupu bila vivuli vya zege vya kukinga jua.

Kumbe ukuta ule unatazama magharibi. Mama Rula alikijua kiwanja kwa sababu mdogo wake wa tumbo moja, karani wa masjala mwenye presha, alimpeleka akaone atakapokaa. Nyuma ya kile kioo, kila siku toka saa nane mpaka saa kumi na moja, mdogo wake angeokwa kama mkate.

Akabeba kompyuta hadi mkutanoni, akaigeuza ramani mbele ya wakubwa ifuate kaskazini halisi. Ukuta wa nyuma ukawa mwekundu wote, rangi ya programu ya joto kali.

"Mama, usituletee za kuleta," mkuu wa idara akasema. "Mchoro umeshapita. Joto likizidi tutaongeza viyoyozi."

"Viyoyozi? Si mlinunua programu ya kupunguza umeme?"

"Weka saini, watu wana njaa."

Damu ikamchemka. Kosa halikumuuma; lilimuuma hili la watu wazima kuuona ukweli kwa macho yao, kisha kutazama saa.

"Siweki! Anayeona jengo hili liko sawa aandike jina lake mwenyewe."

Mkuu akashika kalamu, akakodolea macho kona ya saini kwenye karatasi ya ramani, akampa msaidizi wake. Msaidizi akampa mhandisi wa umeme, naye ghafla akakumbuka simu ya kupiga. Kalamu ikazunguka meza nzima na nafasi ya saini ikabaki wazi.

"Haya, chora hivyo vivuli," mkuu akasema bila kumtazama.

Hakuna aliyemwomba radhi. Alirudi mezani kwake akihema kwa ghadhabu, ndipo wazo likamjia. Akafungua kabati na kutoa ramani zote zilizopita kwenye programu ile tangu mwaka jana. Zilikuwa shule tatu, kwenye viwanja ambavyo hakuwahi kuvikanyaga, na watoto walishaanza kusoma humo. Milango yote ilikuwa chini ya karatasi, na kila kona ilikuwa na saini ya Mama Rula mwenyewe.